Akipimwa akaonekana safi, tunajua nini?

Swali limetoka kwa mwalimu wa michezo wa sekondari moja Moshi. Ameandika hivi: "Shikamoo Daktari. Baada ya Kilimanjaro Marathon vijana wangu walibishana sana. Mmoja wao, niliyemfundisha tangu kidato cha kwanza na sasa yuko kambini Arusha, ameambiwa na watu wa jimu kwamba vipimo vya steroidi ni maigizo, wakubwa wote wanatumia, na anayekamatwa ni mjinga au hana pesa. Wengine wanasema waliofungiwa walionewa, walikula nyama tu. Daktari, vipimo hivi vinaaminika? Na huyu kijana nimwambie nini? Akimbie bila dawa, ashindwe na wanaotumia?"

Marahaba, Mwalimu. Swali lako limenigusa kwa sababu nawatibu hawa vijana. Nawaona alfajiri wakipandisha barabara ya Ngaramtoni, na najua ni wangapi kati yao wamelelewa na walimu kama wewe, waliowanunulia viatu kwa mshahara wao. Nitakujibu kwa urefu, maana jibu fupi ndilo linalowapotosha vijana.

Maabara naiamini, tena kuliko wanavyoiamini watu wengi. Ninachokitilia shaka ni siku na saa ambayo mkojo ulichukuliwa, na ni nani anayeshika ufunguo wa majibu. Kwa hiyo mtu akitangazwa kuwa amekutwa na dawa, naipa habari hiyo uzito mkubwa. Akitangazwa kuwa amepimwa mara nyingi na hakukutwa na kitu, naipa uzito mdogo sana. Watu wa jimu wameyachanganya haya mawili, wakaona udhaifu wa la pili, wakahitimisha kwamba na la kwanza ni uongo.

Tuanze na maabara. Steroidi zinazobishaniwa ni zile za kujenga misuli, ndugu za testosteroni, homoni ambayo wanaume wanayo kwa wingi na wanawake kwa uchache. Kuna zile ambazo mwili wa binadamu hauzitengenezi kabisa, kama stanozololi. Hizo zikionekana kwenye mkojo, zimetoka nje, basi. Stanozololi ndiyo iliyomwangusha Ben Johnson wa Kanada mwaka 1988 kule Seoul, siku chache tu baada ya kukimbia mita 100 kwa sekunde 9.79.

Ugumu uko kwenye testosteroni yenyewe. Utamfungiaje mtu kwa kitu ambacho kila mtu amezaliwa nacho? Mkemia Mjerumani, Manfred Donike, alipata njia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwilini kuna homoni nyingine iitwayo epitestosteroni, ambayo kwa watu wengi hutoka kwenye mkojo kwa kiasi kinachokaribiana na testosteroni. Ukijidunga testosteroni, hiyo moja inapanda na mwenzake anabaki pale pale. Kikomo kiliwekwa sita kwa moja, kisha mwaka 2005 kikashushwa hadi nne kwa moja. Kipimo hicho kilipopelekwa kwenye michezo ya Pan American ya 1983 kule Caracas, baadhi ya wanariadha wa Marekani walipanda ndege kurudi kwao kabla hata ya kushindana. Habari ile ilisema mengi kuliko majibu ya maabara.

Wadanganyifu nao hawakulala. Walianza kuchanganya epitestosteroni ndani ya dawa ili uwiano usiharibike. Ujerumani Mashariki walifanya hivyo, na miaka mingi baadaye krimu iliyosambazwa na kampuni ya BALCO ya California ilikuwa na mchanganyiko huo huo. Kisha kuna suala la maumbile. Mwaka 2008 watafiti wa Sweden walichapisha kazi ambayo kila anayesema "alipimwa akawa safi" angepaswa kuijua: waliwadunga wanaume wa kujitolea sindano ya testosteroni ya miligramu 500, na baadhi ya wale waliozaliwa bila jeni ya urithi iitwayo UGT2B17 hawakuvuka kikomo cha nne kwa moja. Walidungwa mbele ya daktari, na kipimo cha uwiano kikawaita safi.

Ndiyo maana tangu 2014 kipimo hakimlinganishi tena mkimbiaji na binadamu wa wastani tu. Kila aliye kwenye ngazi ya juu ana rekodi yake ya homoni, inayojazwa kila anapopimwa, na analinganishwa na yeye mwenyewe wa jana na juzi. Mtu ambaye uwiano wake umekuwa nusu kwa moja maisha yake yote, ghafla ukawa mbili kwa moja, hajavuka kikomo, lakini ataulizwa.

Akishaulizwa, mkojo wake unapelekwa kwenye kipimo ambacho mimi nakiona ndicho kizuri kuliko vyote, na kinatuhusu sisi wala ugali. Testosteroni ya dukani hutengenezwa kiwandani kutokana na mimea, hasa soya. Kila mmea una kaboni, na kaboni ina aina mbili, moja nyepesi na moja nzito kidogo. Mahindi, mtama, uwele, ulezi na miwa hubaki na ile nzito kwa wingi zaidi kuliko soya, maharage, ngano, mpunga au migomba. Homoni zako zinajengwa kwa chakula chako. Kwa hiyo mtu aliyekulia kwenye ugali ana testosteroni yenye kaboni nzito kuliko ile ya kwenye sindano iliyotokana na soya, na mashine inaiona tofauti hiyo hata kama kwa kemia homoni zote mbili ni kitu kimoja.

Najua utaniuliza kuhusu watu wa kwenu Kibosho na Marangu, waliolelewa kwa mtori na machalari ya ndizi. Kweli, namba zao hazitafanana na za kijana wa Mbulu. Lakini maabara haimlinganishi Mchaga na Mmbulu. Inachukua testosteroni ya mtu na mabaki yake, inailinganisha na homoni nyingine ndani ya mkojo huo huo, homoni ambayo dawa haiigusi. Kama zote zimetoka kwenye sahani moja, zitakuwa na kaboni inayokaribiana. Kama moja imetoka kiwandani, itajitenga. Hakuna chakula cha kawaida kinachoweza kubadilisha homoni moja na kuiacha nyingine. Tatizo la kipimo hiki ni gharama. Hugharimu mamia ya dola kwa sampuli moja, na kwa hiyo mikojo mingi haifikishwi huko.

Kuna nguvu nyingine ya maabara ambayo vijana hawaijui kabisa, nayo ni kumbukumbu. Sampuli zinaweza kutunzwa kwenye barafu hadi miaka 10. Mashine zinapoboreshwa, chupa za zamani zinafunguliwa. Miaka michache baada ya michezo ya Beijing 2008 na London 2012, wanasayansi waligundua namna ya kuona mabaki ya steroidi kama stanozololi na turinaboli yanayokaa mwilini kwa wiki nyingi. Mikojo ya michezo ile ikapimwa upya, na wanamichezo zaidi ya mia moja waliokuwa wameshapongezwa wakakutwa. Kwenye kunyanyua vyuma London, uzito wa kilo 94, waliomaliza nafasi ya kwanza hadi ya nne wote waliondolewa; dhahabu ikaenda kwa Mwirani aliyekuwa wa tano, Saeid Mohammadpour. Kwenye kuruka juu kwa wanawake kule Beijing, Mmarekani Chaunté Lowe alikuwa wa sita. Waliokuwa wa tatu, wa nne na wa tano wakaondolewa, yeye akapata shaba baada ya miaka mingi. Siku ile uwanjani alikuwa ameondoka mikono mitupu, na hakuna anayeweza kumrudishia siku ile. Nasema hili kwa uchungu, maana mwanamichezo hula kwa jina alilonalo mwaka ule, na mkataba ambao hukuupata 2008 hauji 2016.

Sasa upande ambao watu wa jimu wana hoja.

Mwaka 2019 zilipimwa sampuli zaidi ya 278,000 duniani kote chini ya utaratibu wa WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizi. Zilizokutwa na kitu kilichokatazwa hazikufika asilimia 1. Weka namba hiyo pembeni. Mwaka 2011 watafiti waliwauliza wanamichezo zaidi ya 2,100, kwenye mashindano ya dunia ya riadha kule Daegu na michezo ya nchi za Kiarabu kule Doha, kwa mbinu ya maswali inayomficha kabisa anayejibu, kama wametumia dawa katika mwaka uliopita. Makadirio yakaja kama asilimia 44 Daegu na asilimia 57 Doha. Wapo wataalamu wanaosema mbinu ile inaweza kukuza namba, na mimi nakubali kwamba isichukuliwe kama sensa. Lakini hata ukiigawa kwa nne, bado iko mbali sana na ile asilimia 1. Pengo hilo ndilo linalonifanya nisishangilie kila ninaposoma kwamba fulani amepimwa na ni safi.

Pengo linatoka wapi? Kwa sehemu kubwa, linatoka kwenye saa. Steroidi haitumiki siku ya mashindano. Inatumika miezi ya mazoezi, ili mwili upone haraka na kesho yake ufanye kazi tena, na siku ya mbio mkojo umeshasafika. Dereva wa Moshi hadi Arusha anajua trafiki wanasimama wapi na tochi. Anapunguza mwendo pale, akishapita anakanyaga mafuta, na kitabu chake hakina faini hata moja. Ukipima siku ya mbio peke yake, umepima nani anajua kalenda.

Dawa ya tatizo hilo ni kuwapima watu wakiwa nyumbani na kambini bila taarifa. Wale walio kwenye orodha maalumu ya wakubwa huandika mapema, kwa kila siku, watakuwa wapi, na hutaja saa moja kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku ambayo lazima wapatikane. Ukikosekana au ukidanganya mara tatu ndani ya miezi 12, unafungiwa hata kama hukukutwa na dawa. Ni masharti makali, na nimewasikia wakimbiaji wakilalamika kwamba wanaishi kama wafungwa. Nawaelewa. Lakini bila hilo kila kitu kinabomoka. Hata hivyo bado kuna mwanya. Testosteroni ya kupaka kwa kiasi kidogo usiku hupungua haraka mwilini, na ofisa hagongi mlango usiku wa manane bila sababu nzito.

Kisha kuna dawa ambazo maabara haizijui. Mashine inatafuta kile ilichofundishwa kutafuta. Mwaka 2003 kocha mmoja wa riadha aliituma kwa siri bomba la sindano lenye mabaki ya dawa kwenye shirika la Marekani linalosimamia vipimo. Don Catlin na wenzake wa maabara ya Los Angeles wakakuta steroidi mpya kabisa, THG, iliyotengenezwa makusudi isionekane. Ndiyo iliyokuwa BALCO. Marion Jones, aliyechukua medali tano Sydney mwaka 2000, alijitetea kwa miaka mingi kwa idadi ya vipimo alivyopita. Mwaka 2007 alikiri mahakamani, na medali zikarudishwa. Kumbuka hilo kila unaposikia bingwa akijitetea kwa kuhesabu vipimo.

Hapo sasa nifike kwenye jambo linaloniuma zaidi, ufunguo. Mdanganyifu mmoja na krimu yake si kitu ukimlinganisha na mpimaji anayetaka mtu wake ashinde.

Ujerumani Mashariki ilikuwa na maabara nzuri kule Kreischa. Serikali iliwapa maelfu ya vijana vidonge vya Oral-Turinabol, wengine wakiwa wasichana wadogo walioambiwa ni vitamini, na maabara ile ile ikawapima kabla ya kusafiri. Ambaye dawa haijamtoka mwilini alibaki nyumbani kwa kisingizio cha ugonjwa. Kipimo kilifanya kazi vizuri kabisa, ila kilimlinda mwizi. Wale wasichana wengi wao walizeeka na maradhi ambayo hawakuyachagua.

Urusi ikarudia somo hilo kwa ustadi zaidi. Grigory Rodchenkov, mkurugenzi wa maabara ya Moscow iliyokuwa na ithibati ya WADA, ndiye aliyekuwa akiandaa mchanganyiko wa steroidi tatu zilizoyeyushwa kwenye pombe kwa ajili ya wanamichezo wa nchi yake. Kule Sochi 2014, usiku, chupa zilipitishwa kwenye tundu la ukutani hadi chumba cha pili. Watu wa usalama wa taifa walikuwa wamejua kuvifungua vifuniko ambavyo dunia nzima iliambiwa havifunguki. Mkojo mchafu ukamwagwa, ukawekwa mkojo safi wa mtu yule yule uliotunzwa kwenye friza miezi kadhaa kabla, na chumvi ikaongezwa ili vipimo vya uzito vilingane. Ripoti ya Profesa Richard McLaren ya 2016 ilisema zaidi ya wanamichezo 1,000 wa michezo zaidi ya 30 walihusika au walinufaika. Na nani alilivunja jambo hili? Hakuwa mashine. Yuliya Stepanova, mkimbiaji wa mita 800, na mumewe walitoa siri ya dawa katika riadha ya Urusi mwaka 2014, wakalazimika kuikimbia nchi yao; ile ya Sochi aliitoa Rodchenkov mwenyewe mwaka 2016.

Kwenye ligi za kulipwa za Marekani shida ni ya namna nyingine: anayepima na anayeuza tiketi ni jirani mno. Ligi kuu ya besiboli ilifika 2003 ndipo ikaanza kupima steroidi kwa wachezaji wake wote, tena mwaka huo bila adhabu na bila majina, baada ya miaka ya kushangilia rekodi zinavyovunjwa. Alex Rodriguez, mmoja wa waliolipwa vizuri kuliko wote, alifungiwa msimu mzima wa 2014 kwa sababu ya daftari za kliniki moja ya Florida. Mkojo wake haukumkamata kwenye kesi ile.

Unaona, Mwalimu, kesi kubwa nyingi zimefunguliwa na daftari, barua, mke, kocha aliyekasirika, ofisa wa forodha. Ndiyo maana tangu 2017 riadha ya dunia imekuwa na kitengo huru, AIU, chenye wapelelezi pamoja na wapima mkojo. Hicho nakiamini kuliko chama chochote kinachojipima chenyewe.

Kuhusu walioonewa kwa sababu ya nyama. Hapa nitatembea polepole, kwa sababu ninyi Moshi na sisi Arusha tunaijua kitimoto. Ni kweli kisayansi kwamba nguruwe dume asiyehasiwa ana nandroloni ya asili, na anayekula maini, figo au korodani zake anaweza kutoa mabaki kidogo kwenye mkojo. WADA wenyewe wameliandika hilo kwenye mwongozo wa maabara, na kwa viwango vidogo wanataka kipimo cha kaboni kifanyike kabla ya kumhukumu mtu. Mmarekani Shelby Houlihan alisema alikula nyama ya aina hiyo ndani ya chapati la kununua njiani. Ubishi ukafika hadi kwenye chakula cha nguruwe wenyewe, mahindi au soya. Mwaka 2021 mahakama ya michezo ilimkatalia, akafungiwa miaka minne. Kijana wako ale nyama choma na mchicha wake bila hofu. Viungo vya ndani vya nguruwe dume aviache msimu wa mashindano.

Lakini kuonewa kupo. Mashine zimekuwa kali kiasi cha kuona sehemu ya bilioni moja ya gramu. Mcheza tenisi Jannik Sinner alikutwa na klosteboli, steroidi ya kujenga misuli, mwaka 2024 kwa kiasi kidogo mno, ikaonekana ilitoka kwenye dawa ya kidonda aliyojipulizia mtu aliyemkanda misuli. Mwisho alifungiwa miezi mitatu. Mwanasoka Paul Pogba alikutwa mwaka 2023 na DHEA, kitu kinachogeuka testosteroni mwilini, akapewa miaka minne. Mahakama ya michezo ikaipunguza hadi miezi 18 baada ya kukubali kwamba alimeza virutubisho alivyoandikiwa na daktari bila nia ya kudanganya. Maabara haikukosea kwa yeyote kati ya hawa. Kitu kilikuwepo. Swali lilikuwa kilifikaje, na kulijibu kunahitaji mawakili, wataalamu na pesa. Mkimbiaji wa Karatu asiye na meneja wa maana angepata miezi mitatu kama Sinner? Sidhani. Hapo ndipo mfumo unapomwonea maskini, na wanaousimamia wanapaswa kuambiwa hivyo bila kuficha.

Ila ile kauli kwamba anayekamatwa ni mjinga au hana pesa, ikatae. Rodriguez hakuwa maskini. Pogba hakuwa maskini. Ruth Chepngetich wa Kenya, mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi, alifungiwa miaka mitatu mwaka 2025 kwa dawa ya kukojoza inayoweza kuficha nyingine.

Nikimtaja yeye, nimefika kwetu. Majirani zetu Kenya wamefungiwa watu zaidi ya mia ndani ya miaka kumi na kitu, na hapa Arusha nasikia watu wakisema kwa fahari kwamba sisi hatuna aibu hiyo. Naomba tusijisifu. Kenya walianzisha wakala wao wa kitaifa mwaka 2016, wakapata maabara ya damu Nairobi, wakaongeza wapimaji kambini, na kadiri walivyopima ndivyo walivyokuta. Sisi tunapimwa kidogo. Wakubwa wetu walio kwenye orodha ya dunia wanagongewa mlango, lakini vijana wanaotafuta njia ya kutoka, wale wa mbio za barabarani za zawadi ya milioni moja au mbili, hukimbia msimu mzima bila kuona chupa. Mkojo ukichukuliwa Mbulu, inabidi ufike uwanja wa ndege wa KIA kisha uruke nchi nyingine kabla ya kupimwa, na kila mkono ulioshika mzigo lazima uandikwe. Si jambo dogo. Mchezaji besiboli Ryan Braun alishinda rufaa yake mwaka 2012 kwa sababu mchukua sampuli alikaa nayo nyumbani siku mbili tatu badala ya kuituma; mwaka uliofuata kesi nyingine ikamfungia.

Na hatari ya kwetu mara nyingi haiji kama steroidi ya misuli. Inakuja kama "sindano ya maumivu". Deksamethazoni, prednisolone, triamsinoloni ni steroidi za ukoo mwingine, za kutuliza uvimbe, na baadhi ya maduka ya dawa huziuza bila cheti. Tangu 2022 sindano yoyote ya ukoo huo imekatazwa kipindi cha mashindano, hata ikichomwa kwenye goti. Triamsinoloni imewafungia Wakenya wengi. Nimewaona vijana wenye jipu mahali pa sindano ambayo hawajui hata jina lake. Wamedungwa na mtu wa jimu, yule yule anayewaambia vipimo ni maigizo.

Sasa kijana wako. Umeuliza kama akimbie safi ashindwe. Sitamdanganya: kuna mbio atashindwa na mtu aliyetumia dawa, na huenda mtu huyo asikamatwe kamwe. Lakini amuulize yule wa jimu nani atakayemlipia wakili, na nani atakayemtibu. Testosteroni ya sindano huziambia korodani zipumzike. Zinanywea, mbegu za uzazi zinapungua, na kuna wanaokaa miaka kabla hazijarudi. Mafuta mabaya ya damu yanapanda, moyo unanenepa. Hayo nayaona kliniki kwa wanaume wa miaka ishirini na kitu.

Na si kweli kwamba njia ya safi imefungwa. Septemba 2025 kule Tokyo, Alphonce Simbu aliipa Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha, kwa kumpita Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03 baada ya kilomita 42. Mtu anayeshinda kwa upenyo mwembamba namna hiyo ndiye anayehitaji vipimo kuliko mtu yeyote, ili asitokee wa kumchafulia jina bila ushahidi. Hivyo ndivyo ningependa kijana wako avitazame. Kama ana ndoto ya kufika huko, atamani kupimwa, tena mapema, tena kambini. Kila mkojo safi anaoutoa leo ni rekodi yake ya kesho.

Mambo ya kumkabidhi ni haya. Akiumwa, amwambie daktari kabla ya cheti kuandikwa kwamba yeye ni mkimbiaji anayeweza kupimwa. Kama dawa iliyokatazwa ni ya lazima, kuna kibali cha matibabu kinachoombwa kabla ya kuitumia. Asikubali sindano isiyo na jina, hata kutoka kwa kocha. Virutubisho vya makopo vya jimu aviache vyote, kwa sababu vingine vina vitu ambavyo kopo halivitaji. Siku akiitwa, achague mwenyewe kifurushi cha chupa kati ya vile alivyowekewa, asome namba ya chupa A na B na kuhakikisha zinafanana na za kwenye fomu, na aandike kila dawa na kila kirutubisho alichotumia siku saba zilizopita, hata Panadol. Akiona kasoro yoyote aiandike pale pale kwenye fomu kabla ya kusaini, na nakala yake aitunze pamoja na vyeti vyake vya shule. Na jina la dawa likimtatiza, apige picha boksi na anitumie kabla hajaimeza.